Kupanga na Kukadiria Gharama za Banda la Gari Nyumbani

Somo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Katika vyama vyetu vingi wako wanachama ambao kwa jasho lao, na kwa msaada wa mikopo ya ushirika, wamejipatia pikapu ya kubebea mazao, trekta dogo au gari la kusombea maziwa. Chombo hicho kikishafika nyumbani, ombi la pili hufuata upesi: mwanachama anataka mkopo wa kujenga banda la kukiweka. Ombi hilo ni la haki, kwani jua hupasua matairi na kufifiza rangi, mvua huleta kutu, na giza la usiku huwaalika wezi wa betri na vioo.

Hata hivyo, ni vema tujue tangu mwanzo kwamba banda la gari halizai. Ng'ombe hutoa maziwa na mche wa kahawa hutoa tunda. Banda hulinda tu kile kinachozaa. Kwa sababu hiyo fedha yake lazima ipimwe kwa uangalifu kuliko fedha ya shughuli yenye mapato. Ujenzi ulioanzwa bila hesabu huishia kuwa kuta zisizo na paa, gari likiendelea kulala nje, huku marejesho ya mkopo yakidaiwa kila mwezi. Hapo anayeumia si mkopaji peke yake: wadhamini wake nao hukatwa akiba zao, na chama hupungukiwa fedha ya kuwakopesha wengine.

Katika somo hili tunasema "banda la gari" ili tusilichanganye na gereji ya mafundi. Tunazungumzia jengo dogo lililojitenga na nyumba, la gari moja. Chama kinachokusudia kujenga banda la lori au trekta la chama kitafuata njia ileile, isipokuwa vipimo vitakuwa vikubwa zaidi.

1. Maswali ya kujibiwa kabla ya kununua tofali la kwanza

Mwanachama na ajibu maswali haya kwa maandishi, na Katibu ayaambatanishe na fomu ya mkopo:

(a) Ni chombo gani kitakachowekwa, na vipimo vyake ni vipi? Pima urefu, upana pamoja na vioo vya pembeni, na kimo pamoja na kichanja cha mizigo. Usikisie kwa macho.

(b) Je, kuta zinahitajika kweli? Ikiwa shida ni jua na mvua tu, paa juu ya nguzo sita linatosha, na gharama yake ni ndogo sana kuliko ya jengo lenye kuta na mlango. Ikiwa shida ni wizi, paa peke yake halitasaidia kitu.

(c) Je, banda litatumika kwa kazi nyingine? Wengi huongeza nafasi ya zana na magunia. Kila mita inayoongezwa ina bei yake. Iongezwe kwa sababu inayojulikana.

(d) Fedha itatoka wapi, na ni sehemu gani iliyo tayari mkononi leo?

2. Mahali pa kujenga

Banda likae mahali ambapo gari litaingia na kutoka bila taabu. Mbele ya mlango pawe na uwanja usiopungua mita 6, ili gari linyooke kabla ya kuingia. Banda lisiwe bondeni, maji yanapokimbilia. Lisijengwe juu ya shimo la choo, juu ya bomba la maji, wala chini ya nyaya za umeme. Kwa kuwa gari hubeba mafuta, ni busara kuacha nafasi ya mita 3 au zaidi kati ya banda na nyumba ya kulala, na zaidi ikiwa jiko la kuni liko karibu.

Walio kando ya barabara wajihadhari zaidi. Katika Tanzania, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Jengo linalosimamishwa leo ndani ya hifadhi hiyo linaweza kuvunjwa bila fidia, na deni lake likabaki. Katika maeneo yaliyopimwa, mwanachama aombe kibali cha ujenzi katika halmashauri yake kabla ya kuchimba msingi. Kamati ya mikopo isipitishe ombi lisilo na kibali pale kibali kinapotakiwa.

3. Vipimo vya mfano

Ili tuweze kuhesabu pamoja, tuchukue banda la pikapu moja lenye vipimo vifuatavyo:

Nje: urefu mita 6.6, upana mita 3.9.
Ndani: urefu mita 6.3, upana mita 3.6 (kuta za matofali ya inchi 6, yaani sentimita 15).
Mlango mkubwa, katika ukuta mfupi wa mbele: upana mita 2.7, kimo mita 2.4.
Mlango mdogo wa pembeni: mita 0.9 kwa 2.1.
Dirisha: mita 1.2 kwa 0.9.
Paa: la mteremko mmoja, ukuta mrefu wa upande mmoja ukizidi mwingine kwa mita 0.75.

Mlango mkubwa ufungukie nje, kwani ukifungukia ndani utakula nafasi ya gari. Paa la mteremko mmoja limechaguliwa kwa sababu ni rahisi kulipaua, halihitaji kenchi, na maji yote hushuka upande mmoja, ambako yanaweza kuchukuliwa kwa mfereji hadi kwenye pipa.

4. Kuhesabu vifaa

Hapa ndipo wengi huchoka na kumwachia fundi akisie. Lakini hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kutoa tu, na mtoto wa darasa la saba anaweza kuisaidia familia yake.

Matofali. Mzunguko wa kuta, ukipimwa katikati ya unene wake, ni mita 20.4. Kuta hadi chini ya mkanda wa zege zina kimo cha mita 2.4:

20.4 × 2.4 = mita za mraba 48.96
Toa milango na dirisha: 6.48 + 1.89 + 1.08 = 9.45
Baki: 39.51

Kwa matofali 10 katika kila mita ya mraba, tunapata matofali 395. Sehemu ya juu ya mkanda, yaani ukuta ulioinuka na pembe mbili za pembeni, ni mita za mraba 7.65, sawa na matofali 77. Kuta za msingi zenye kimo cha mita 0.7 ni mita za mraba 14.28, sawa na matofali 143. Jumla ni matofali 615. Ongeza 5 kwa mia kwa yatakayovunjika, nasi tunafikia 650 kwa hesabu ya kukamilisha.

Saruji, kwa mifuko ya kilo 50:

Zege la msingi (upana sentimita 45, unene sentimita 15), mchanganyiko 1:3:6 ..... mifuko 7
Jamvi la sakafu (unene sentimita 10), mchanganyiko 1:2:4 ..... mifuko 15
Mkanda wa zege (sentimita 15 kwa 20), mchanganyiko 1:2:4 ..... mifuko 4
Kujengea matofali, mfuko mmoja kwa matofali 60 ..... mifuko 11
Jumla ..... mifuko 37
Pamoja na nyongeza ya 10 kwa mia ..... mifuko 41

Plasta haikuhesabiwa humo. Banda linaweza kukaa bila plasta kwa miaka, mradi matofali ni mazuri na paa lina ukingo wa kutosha.

Vifaa vingine:

Mchanga ..... mita za ujazo 4.5
Kokoto ..... mita za ujazo 4.5
Mawe au kifusi cha chini ya jamvi ..... mita za ujazo 3.5
Nondo za milimita 12, urefu mita 12 ..... 8
Nondo za milimita 8 kwa pete ..... 6
Boriti za inchi 2 kwa 6, urefu mita 4.8 ..... 9
Papi za inchi 2 kwa 2 ..... mita 44
Mabati ya futi 8 ..... 20
Waya wa kufungia nondo, misumari ya mbao na ya bati, dawa ya mchwa, mbao za kumiminia zege
Mlango mkubwa, mlango mdogo, dirisha, bawaba, komeo na kufuli

Katika mabati, angalia geji. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa namba yake ni ndogo. Bei mbili za duka moja zisilinganishwe bila kuuliza geji.

5. Kuandika makisio

Hatukuandika bei, kwa sababu bei ya Moshi si bei ya Songea, na bei ya leo si ya mwakani. Kila mwanachama achore jedwali lenye safu tano: kifaa, kipimo, idadi, bei ya kimoja, na jumla. Bei ziulizwe katika maduka yasiyopungua matatu, siku zisizopishana sana, na majina ya maduka yaandikwe pembeni.

Chini ya vifaa yaongezwe mambo matano ambayo husahaulika mara kwa mara:

Kwanza, usafiri. Mchanga unaoonekana rahisi machimboni huweza kuwa ghali ukifika nyumbani. Uliza bei ya mzigo uliokwisha shushwa.

Pili, ujira. Fundi mwashi, seremala na vibarua wapatane nawe kwa kazi, si kwa siku, na mapatano yaandikwe: kazi gani, kwa kiasi gani, italipwa lini, na nani atatoa vifaa vya kazi.

Tatu, maji. Zege na matofali vinahitaji maji mengi, na yasipokuwa karibu yatalipiwa.

Nne, ada za kibali na za kupimia, pale zinapotakiwa.

Tano, fungu la tahadhari. Tenga 10 kwa mia ya jumla yote. Fungu hili si la kununulia vitu vizuri zaidi. Ni la kuzibia pengo la bei iliyopanda au mwamba uliokutwa katika msingi. Kama halikutumika, lirudishwe katika akiba.

Makisio yakiisha, yasomwe na mtu mwingine asiyekuwa fundi anayetaka kazi hiyo. Macho mawili huona kosa ambalo jicho moja limelipita.

6. Kulinganisha makisio na uwezo

Makisio sahihi peke yake hayatoshi. Lazima yalingane na mfuko. Tuchukue mfano wa kuhesabia tu. Mwanachama anakopa shilingi 3,000,000 kwa miezi 24, riba asilimia 1.5 kwa mwezi.

Ikiwa riba inatozwa juu ya salio linalopungua, kila mwezi atarejesha mkopo shilingi 125,000, na riba ya mwezi wa kwanza itakuwa shilingi 45,000. Riba hushuka kila mwezi hadi shilingi 1,875 mwezi wa mwisho. Jumla ya riba ni shilingi 562,500.

Ikiwa riba inatozwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, atalipa riba ya shilingi 45,000 kila mwezi kwa miezi 24, jumla shilingi 1,080,000.

Asilimia ni ileile, lakini tofauti ni shilingi 517,500. Kwa hiyo kuuliza "riba ni asilimia ngapi?" hakutoshi. Uliza pia, "inatozwa juu ya nini?" Katibu ana wajibu wa kumweleza mwanachama jambo hili kabla hajatia sahihi, si baada ya kutia.

Kisha mwanachama ajiulize: marejesho ya mwezi wa kwanza, ambayo katika mfano wetu ni shilingi 170,000, yatatoka wapi katika miezi ambayo mazao hayajauzwa? Mkulima wa kahawa au pamba hapati fedha kila mwezi. Ikiwa gari lenyewe ndilo litakalolipa, hesabu iandikwe: safari ngapi, nauli kiasi gani, mafuta, matengenezo na bima kiasi gani. Kinachobaki ndicho kinachoweza kulipa deni. Ikiwa hakitoshi, banda lipunguzwe au lingojee.

7. Kujenga kwa hatua

Kwa mwenye kipato kidogo, njia ya salama ni kugawa kazi katika hatua ambazo kila moja ikikamilika inaacha kitu chenye kutumika. Wengi hufanya kinyume: huinua kuta kwanza, fedha ikaisha kwenye linta, na mvua ikazila kuta hizo miaka miwili.

Hatua ya kwanza: chimba msingi wote, mimina zege lake, simamisha nguzo sita imara, paua. Gari linaanza kulala kivulini.

Hatua ya pili: jaza kifusi, mimina jamvi.

Hatua ya tatu: jaza kuta kati ya nguzo.

Hatua ya nne: weka milango na dirisha.

Anayefuata njia hii aongeze gharama ya nguzo katika makisio, na amweleze fundi tangu mwanzo kwamba kuta zitakuja baadaye, ili nguzo zipangwe kwa vipimo vya milango. Wakati wa kuanza nao uchaguliwe. Katika mikoa mingi ya kaskazini na pwani, masika huanza Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba. Msingi uchimbwe wakati wa kiangazi, na vifaa vinunuliwe baada ya malipo ya mazao. Mchanga, kokoto na mawe vinaweza kungojea, saruji haingojei. Inunuliwe karibu na siku ya kazi, ipangwe juu ya mbao mbali na ukuta, kwani ikivuta unyevu huganda na kupoteza nguvu.

8. Mambo ya ufundi ambayo mwenye mali lazima ayasimamie

Matofali. Mfuko mmoja wa saruji ukitoa matofali ya inchi 6 mengi kupita 35, yatiliwe shaka. Liangushe tofali moja kutoka kimo cha kiuno juu ya ardhi ngumu. Likivunjika vipande vingi, usinunue.

Mchanga. Tia mchanga katika chupa, ongeza maji, tikisa, acha utulie. Tabaka nene la matope juu ni alama ya mchanga usiofaa kwa zege.

Kupima mchanganyiko. Tumia kasha au ndoo ileile kwa saruji, mchanga na kokoto. Koleo si kipimo. Maji yakizidi, zege hulainika kulifanyia kazi lakini hudhoofika.

Kumwagilia. Jamvi na mkanda vimwagiliwe maji kwa siku zisizopungua 7. Gari lisiingizwe juu ya jamvi kabla ya wiki 4.

Mteremko. Jamvi liinuke juu ya ardhi kwa sentimita 15, na literemke kuelekea mlangoni kwa sentimita 10 katika urefu wote, ili maji na mafuta yatoke nje.

Hewa. Acha matundu chini na juu ya kuta. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua. Kamwe injini isiachwe ikinguruma mlango ukiwa umefungwa.

Mafuta na mbolea. Petroli na dizeli zisiwekwe pamoja na mbolea za naitreti, wala dawa za wadudu pamoja na magunia ya chakula.

9. Wajibu wa Katibu na Kamati ya Mikopo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Katibu afungue jalada la mkopo lenye majibu ya maswali ya sehemu ya 1, mchoro, kibali, makisio, na mapatano ya fundi. Chama kikiweza, kitoe mkopo kwa awamu kulingana na hatua: awamu ya pili itolewe baada ya mjumbe wa kamati kuikagua kazi ya kwanza na kuona stakabadhi zake. Utaratibu huo haumdharau mwanachama. Unamlinda yeye, wadhamini wake, na akiba za wenzake.

Wadhamini nao waonyeshwe makisio. Si haki mtu kutia sahihi kwa ajili ya kuta ambazo hakuelezwa bei yake.

Na pale banda linapokuwa la chama chenyewe, makisio yake yaingizwe katika makisio ya mapato na matumizi ya mwaka na kupitishwa na Mkutano Mkuu. Ikiwa fedha itakopwa, ukomo wa madeni uzingatiwe. Wajumbe wa Bodi wasianze kuchimba kwa matumaini kwamba wanachama watakubali baadaye.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kwa nini banda la gari lipimwe kwa uangalifu kuliko mkopo wa kununua ng'ombe wa maziwa?
2. Hesabu matofali ya banda letu la mfano ikiwa mlango mdogo na dirisha vitaondolewa. Je, ni akiba au ni hasara? Fikirieni hewa pia.
3. Ulizeni bei za saruji, bati na mchanga katika maduka matatu ya eneo lenu, kisha jazeni jedwali la sehemu ya 5. Jumla yake inalingana na mavuno ya msimu mmoja, miwili au mitatu?
4. Chama chenu hutoza riba juu ya salio au juu ya mkopo wote? Asomaye masharti ya mkopo aeleze kikundini.
5. Mwanachama amekwisha inua kuta na fedha imekwisha. Anaomba mkopo wa pili. Kamati imwulize nini kabla ya kujibu?

Majibu ya swali la 3 yaandikwe na kutunzwa na Katibu, kwa maana mwanachama atakayefuata atayahitaji, na bei za mwaka huu zitamsaidia kupima zile za mwaka ujao.